Ghorofa ya Tisa ya Kisima

"Usinifute, mwanangu."

Wiki iliyopita tulimwacha Mizani hapo hapo: simu sikioni, kidole hewani, nusu ukucha juu ya kitufe cha kufuta.

Mbele yake, kwenye kioo cha kompyuta, maoni mia nne na kumi na mawili yalikuwa yamekwisha kuchaguliwa, yote yamepakwa bluu, yakisubiri mguso mmoja. Yote yalikipa Kisima, mchezo mpya wa kompyuta, alama moja, mbili, tatu au nne kati ya kumi. Yote yalimiminika ndani ya siku mbili. Kwa siku hizo mbili wastani wa Kisima ulianguka kutoka tisa nukta moja hadi sita nukta nne.

Kazi ya Mizani katika ofisi hii ya kukusanya alama za wachezaji ni kutenga maoni ya kweli na ya uongo. Jina hilo amepewa na wenzake kazini, na hajalikataa. Kwa miaka sita, kila alipoona kundi la namna hii alilijua: washindani wametumana.

Lakini sauti kwenye simu haikuwa ya mshindani. Ilikuwa ya mama yake mzazi.

"Mama, nisikufute wapi?"

"Hapo ulipo. Tazama maoni ya juu kabisa. Alama nne, jina Chaki Nyeupe. Ni mimi."

Mizani alitazama. Chaki Nyeupe. Alama nne.

"Nimejuaje kwamba unataka kunifuta? Asubuhi nimefungua, nimekuta mmenibandika neno 'inachunguzwa'. Nani anachunguza huko kama si wewe?"

"Tangu lini unacheza gemu?"

"Magoti yamestaafu. Vidole bado vina ajira."

Huyu ni mama aliyefundisha hesabu miaka thelathini na miwili, na katika miaka hiyo yote hajampa mtu kumi kwa kumi, hata mtoto aliyemzaa.

Mizani alishusha sauti, akageukia ukuta. "Mama, lakini Kisima ni cha mwanao!"

"Najua ni cha nani. Ndiyo maana nimempa nne. Alistahili tatu."

Hiyo ndiyo siri ambayo ofisi nzima haikuijua. Kisima kilitengenezwa na mdogo wake Mizani, wa tumbo moja. Kanuni ya ofisi inasema mpimaji hapimi mchezo wa ndugu yake. Mizani aliijua kanuni hiyo kwa moyo. Alinyamaza kwa sababu aliziamini namba zake kuliko alivyoiamini kanuni.

"Umechukia nini kwenye mchezo wenyewe?"

"Kamba. Unashuka kisimani, kina cha kwanza, cha pili, unakwenda vizuri. Ukifika cha saba kamba inakatika yenyewe, unarudishwa mwanzo. Imenikatikia mara kumi na moja, nimehesabu. Na haikuwa hivyo. Imeanza juzi, tangu walipotuletea toleo jipya."

"Juzi?"

"Juzi. Na mimi nikalikubali kama mjinga."

Mizani alitazama tarehe ya maoni ya kwanza kati ya yale mia nne. Juzi, saa mbili baada ya toleo jipya kutoka.

"Mwanangu," mama aliendelea, kwa sauti ile ya kufunga kipindi, "darasa zima likifeli swali moja, huwapigi watoto. Unalitazama swali. Na darasa zima likipata mia kwa mia, huwapigii makofi. Unamtazama aliyeshika karatasi za mtihani."

Akakata simu. Mama hapendi kuaga akiwa amesema jambo la maana.

Mlango ulifunguliwa. Meneja.

Meneja hakubisha hodi, hana kawaida hiyo. Mwaka mmoja uliopita, kabla binadamu yeyote hajakicheza Kisima, aliandika makala kutabiri kwamba kitakuwa mchezo wa mwaka. Makala hiyo ameiweka kwenye fremu, nyuma ya kiti chake, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa.

"Kimsingi umemaliza?"

"Bado."

"Kimsingi ni kubofya mara moja, Mizani. Watu mia nne, siku mbili, wote wanachukia. Hata mtoto mdogo anaona hii ni njama."

"Hilo ndilo linanisumbua. Njama gani inayoonwa na mtoto mdogo?"

Meneja alicheka bila kufungua mdomo. "Saa sita mchana orodha ya kumi bora inafungwa. Asiye na nane haingii. Anayekutwa na maoni ya kupandikizwa anatolewa, mchezo na mtengenezaji wake, na harudi tena milele. Kwa hiyo kimsingi naomba saini yako. Safi au chafu. Basi."

"Nitasaini nikishapima."

"Pima upesi."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

Alipotoka, Mizani alimpigia Betri, fundi wa mitambo wa ghorofa ya chini. Anaitwa Betri kwa sababu ukimpa kazi yoyote baada ya chakula cha mchana, jibu lake ni kwamba ameishiwa chaji.

"Betri, nitolee muda wa kucheza. Kila mtu aliyetoa maoni ya Kisima amekicheza dakika ngapi, na amefika kina gani."

"Waliotoa alama za chini?"

"Na waliotoa kumi."

"Hao wa kumi nao wamekosa nini? Watu wamefurahi, dada Mizani. Waache wafurahi."

"Nitolee, Betri."

"Haya. Nina chaji bado."

Majibu yalikuja baada ya nusu saa.

Wale mia nne na kumi na wawili waliokasirika walikuwa wamecheza, kwa wastani, saa sita na ushei kila mmoja. Karibu wote walifika kina cha saba na wakaishia hapo. Mmoja aliandika matusi. Mwingine aliandika aya tatu juu ya fundo la kamba, kana kwamba aliwahi kufanya kazi ya kufunga mizigo. Hapakuwa na wawili walioandika sawa. Hawakutumwa na mtu. Walikuwa watu wenye hasira ya haki.

Mizani akafungua upande wa pili.

Maoni ya kumi kwa kumi yalikuwa mia tatu na hamsini na tano. Kati yake, kumi na matano yalitoka kwa watu waliocheza hadi mwisho. Mia tatu na arobaini yalitoka kwa akaunti ambazo hazikuzidi dakika tisa. Hakuna hata moja iliyovuka kina cha kwanza.

Alirudia kuhesabu. Jibu lilikuwa lile lile.

Akaanza kuyasoma, moja moja, kwa utulivu wa mtu anayetafuta sindano kwenye nguo aliyoivaa.

"Kimsingi huu ni mchezo wa kipekee. Nilipopanda ghorofa ya tisa machozi yalinitoka."

"Ghorofa ya tisa! Ghorofa ya tisa! Kumi kwa kumi."

"Yule mlinzi wa paa ni kiboko. Kimsingi sijawahi kuona kitu kama hiki."

Mizani aliacha kusoma.

Ghorofa?

Kisima ni kisima. Mchezaji anashuka. Hapandi popote. Kwenye kioo pameandikwa kina cha kwanza, kina cha pili, mpaka kina cha tisa, chini kabisa, penye maji. Aliyeucheza mchezo huu hawezi kusema ghorofa, kama vile aliyekunywa chai hawezi kusema ameitafuna.

Lakini Mizani alijua neno hilo lilikotoka.

Miaka miwili iliyopita, mezani kwa mama, mdogo wake alianza kuchora mchezo wa jengo refu. Mchezaji alipanda ghorofa kwa ghorofa. Siku moja akaugeuza mchoro juu chini, jengo likawa kisima. Mchoro uligeuka. Ulimi haukugeuka. Mpaka leo, karakanani kwake, yeye na wenzake wote wanasema "nimepanda ghorofa ya tano" wakimaanisha wameshuka kina cha tano. Mizani aliwahi kuwacheka.

Duniani kote ni watu watano tu wenye kosa hilo mdomoni. Na mmoja wao alinyonya naye ziwa moja.

Alipiga hesabu moja ya mwisho. Akiondoa zile mia tatu na arobaini na kubakisha watu waliocheza kweli, Kisima kinapata nne nukta sita.

Mama alikuwa amekosea kwa nukta sita tu.

Mizani alichapa maoni matatu, akachukua daftari na simu, akatoka. Kompyuta aliiacha ilivyo.

"Unakwenda wapi?" Meneja aliuliza kutoka mlangoni kwake.

"Kupima."

*

Karakana iko mitaa miwili kutoka ofisini, juu ya duka la magodoro. Siku ambayo mzigo umeingia, ngazi hazipitiki. Mizani alipanda ubavu ubavu katikati ya magodoro yaliyofungwa kwa nailoni, na kabla hajafika mlangoni alisikia sauti ya mchoraji:

"Chiriku! Nimepanda mpaka ghorofa ya saba, kamba imekatika tena!"

"Panda tena!"

Mizani alisukuma mlango akaingia.

Chiriku ndiye mdogo wake. Mama alimbandika jina hilo akiwa na mwaka mmoja na nusu, kwa sababu alisema kabla hajatembea, na hajanyamaza tangu hapo. Alikuwa amekaa sakafuni, nywele hazijachanwa siku ya pili, karatasi kubwa mbele yake imeandikwa neno moja: KAMBA.

"Dada! Umekuja kutupa pole au kutukamata?"

"Tuzungumze pembeni."

"Pembeni gani? Chumba ni hiki kimoja. Hawa ni watu wangu, sema."

Mizani aliwatazama. Mchoraji. Fundi wa sauti, ambaye hakuvua vipokea sauti masikioni. Wanawake wawili waandishi wa programu, wamekaa wakitazama kompyuta moja. Watu watano kwa jumla. Alifungua daftari.

"Chiriku, nani kati yenu ameandika maoni ya uongo ya kukisifia Kisima?"

Chiriku akanyamaza, na hilo peke yake lilitosha kumtia mtu shaka.

"Umekuja na hilo," alisema hatimaye. "Watu mia nne wananichana mitandaoni, wewe unakuja kuwatetea."

"Wanasema kweli. Kamba inakatika."

"Najua inakatika! Kosa letu, toleo la juzi. Hatujalala tunalitafuta. Lakini mkuki kwa nguruwe, dada. Mbona hukuja nilipokuwa na tisa nukta moja? Zile zilikuwa tamu, hukuzipima?"

Lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Hakuzipima. Mtu akimsifia mdogo wako, huombi ushahidi.

"Nimezipima leo. Mia tatu na arobaini hawakucheza hata dakika kumi. Na wanasema ghorofa."

Mchoraji aliweka kalamu chini. Fundi wa sauti sasa alivua vipokea sauti.

"Wanasema nini?" Chiriku aliuliza.

"Ghorofa ya tisa. Wamepanda. Nani mwingine duniani anapanda kisima?"

"Sisi," alisema mchoraji taratibu.

"Ninyi."

"Dada, naapa..."

"Usiape. Nijibu. Ulijua?"

Chiriku alitazama neno KAMBA sakafuni. "Niliona ni nyingi mno. Wiki ya kwanza tu, kumi, kumi, kumi. Nikajiambia kizuri chajiuza." Aliikunja pembe ya karatasi. "Sikuandika hata moja. Lakini sikuuliza pia. Nani anaitilia shaka sifa yake mwenyewe?"

Mizani alimpenda mdogo wake. Aliandika maneno hayo kwenye daftari hata hivyo, pamoja na saa.

"Lete nisome," Chiriku alisema.

Mizani alimpa karatasi tatu alizochapa. Chiriku alisoma ya kwanza akitikisa kichwa. Akasoma ya pili. Kwenye ya tatu alisimama, akairudia, kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Mlinzi wa paa."

"Ndiyo. Wamemtaja mara sitini na mbili."

"Dada. Kisima kina paa?"

Mizani aliandika neno 'paa' daftarini.

Chiriku aliwageukia wenzake. "Nani hapa anamjua mlinzi wa paa?"

Waandishi wa programu walitazamana. Fundi wa sauti alipandisha mabega.

"Wa jengo gani?" aliuliza mchoraji.

"Umesikia? Hawamjui. Mlinzi wa paa alikuwa kwenye mchezo wa kwanza kabisa, wa jengo, ghorofa ya kumi na mbili. Nilimfuta kabla sijampata mtu hata mmoja wa kufanya naye kazi. Hajachorwa, hana sauti. Yupo mahali pamoja tu, kwenye andiko langu la mwanzo, kurasa kumi na nne."

"Andiko liko wapi?"

"Nililichapa nakala moja, jalada limeandikwa Kisima, kurasa za ndani bado ni jengo. Nililipeleka kwa mkono, mwaka jana, nikiomba mtu mkubwa alisome."

"Kwa nani, Chiriku?"

Chiriku alimtazama dada yake kama mtoto aliyevunja kitu kisichokuwa cha kwao.

"Kwa Meneja wako."

Chini, mtu aliburuta godoro, sakafu ikatetemeka kidogo.

Mizani alifikiri kwa mpangilio, kama alivyozoea. Aliyeandika zile sifa hakucheza mchezo. Alisoma andiko. Hakujua kwamba jengo liligeuzwa juu chini, kwa sababu hakuwahi kuteremka hata kina cha pili. Alishatabiri kwenye fremu kwamba Kisima kitakuwa cha kwanza, na utabiri wa Meneja haukosei.

"Ulimwambia kwamba mimi ni dada yako?"

"Sikumwambia! Ningekuharibia." Kisha Chiriku akakunja uso. "Lakini niliandika anwani. Wakati ule ofisi yangu ilikuwa meza ya mama. Niliweka anwani ya mama."

Na kwenye fomu ya ajira ya Mizani, mahali panapouliza mtu wa kumjulisha likitokea jambo, pana anwani hiyo hiyo, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Kwa hiyo Meneja alijua. Kwa mwaka mzima alijua, na kati ya wapimaji wanne wa ofisi alimchagua yeye apime Kisima.

Simu ililia. Betri.

"Dada Mizani, hongera basi."

"Hongera ya nini?"

"Si umeshasaini."

"Nimesaini nini?"

"Kisima. Safi. Saa tano na dakika kumi na mbili, kutoka mezani kwako, akaunti yako. Na wale mia nne na kumi na wawili umewafagia wote kwa mkupuo mmoja. Sasa kiko tisa nukta moja, kimeingia orodhani." Betri alisita. "Dada? Mbona nasikia kama uko nje?"

Mizani alifumba macho. Aliiona kompyuta yake ilivyokuwa: wazi, maoni mia nne na kumi na mawili yamepakwa bluu, yamebakiza mguso mmoja. Kwa miaka sita hajawahi kuinuka kitini bila kuifunga. Leo aliinuka.

"Betri, nani alikuwa chumbani kwangu?"

"Mimi niko chini, dada. Sioni juu."

Hesabu ilijipanga yenyewe. Mpimaji anamficha ndugu yake. Mpimaji anafuta maoni ya kweli mia nne na kumi na mawili. Mpimaji anasaini kwamba alama za mdogo wake ni safi. Nani atauliza habari za andiko la kurasa kumi na nne? Akifichua zile mia tatu na arobaini, mdogo wake anatolewa milele. Akinyamaza, jina lake lipo chini ya uongo, na Meneja ameshika kamba.

"Ni saa ngapi?" aliuliza.

"Tano na dakika arobaini," alisema fundi wa sauti. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Mizani alikuwa ameshafika mlangoni simu ilipolia tena. Mama.

"Mwanangu, nimetafuta maoni yangu, hayapo. Nilikuomba jambo moja tu."

"Mama, si mimi. Nakuja kukueleza, sasa hivi nakimbilia..."

"Usikimbie, nisikilize. Hapa sebuleni kuna bwana amekuja, anasema anatoka ofisini kwenu. Mpole, amevaa vizuri. Ana karatasi anataka nitie saini, kuthibitisha tu, anasema, kwamba ninyi wawili ni watoto wangu." Mama alishusha sauti. "Lakini kila sentensi yake inaanza na 'kimsingi'. Kama ni insha ningemkata alama tano."

Nyuma ya sauti ya mama Mizani alisikia kikombe kikiwekwa juu ya meza, ile ile ambayo juu yake kisima kilianza kama jengo.

"Mwanangu, unajua mimi sijawahi kuandika jibu la uongo," alisema mama. "Kalamu ninayo mkononi. Niandike nini?"